Nusu ya Kipimo: Namba Moja Ilivyobeba Habari za Gesi ya Mwambatope Lancashire

Kisa na mipaka yake

Kisa hiki ni cha kaunti ya Lancashire, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, kuanzia mwaka 2011 hadi 2022. Kampuni iliyochimba, vijiji vilivyoguswa, wasemaji, wanaharakati na wanasiasa hawatajwi majina. Tarehe, vipimo na taasisi za umma zimeachwa kama zilivyo, maana bila hizo kisa hakifundishi kitu. Kimeandikwa kwa ajili ya mtu anayeripoti habari za nishati, anayeisemea kampuni au idara ya serikali, au anayesoma kura za maoni akitaka kujua zinasema nini hasa.

Mambo ni mengi, kwa hiyo tutashika uzi mmoja: kikomo cha mtetemo cha 0.5. Kiliwekwa na wataalamu kiwe breki ya mashine. Kikaishia kuwa kichwa cha habari.

Usuli

Gesi ya mwambatope ni gesi asilia ileile ya kupikia na kuzalisha umeme, ila makazi yake ni mengine. Haikukusanyika kwenye mwamba wenye vinyweleo ambako ingetoka yenyewe ukitoboa. Imenasa ndani ya tope la kale lililogandamizwa mpaka likawa jiwe lisilopitisha kitu, na ili itoke jiwe lenyewe lazima lipasuliwe. Kisima huteremshwa wima kilomita mbili au zaidi, mara nyingi hukunjwa kikatambaa ndani ya tabaka lenye gesi, kikavikwa mabomba ya chuma na kuzungushiwa saruji. Kisha matundu hufunguliwa kwenye bomba, na maji yaliyochanganywa na mchanga na kemikali kidogo husukumwa kwa shinikizo kubwa mpaka mwamba uachie nyufa nyembamba. Pampu zikizimwa, chembe za mchanga hubaki zimezishikilia nyufa zisijifunge. Kazi hurudiwa kipande kwa kipande, na kila kipande huitwa hatua.

Mwamba wowote unaopasuliwa hivi hutoa mitetemo midogo mno ambayo binadamu hawezi kuihisi. Hiyo si habari. Habari huanza pale maji yanapopenya kwenye mpasuko mkubwa wa asili ambao tayari umebeba mkazo. Shinikizo hupunguza msuguano uliokuwa ukizuia kuta mbili za mpasuko zisiteleze, nazo huteleza. Hilo linaweza kutokea pampu zikiwa zinanguruma, na linaweza kutokea siku kadhaa baada ya kuzimwa. Jambo hili la mwisho litarudi mbele.

Kabla ya 2011, neno la Kiingereza la kazi hii, frakingi, lilikuwa nadra katika magazeti ya Uingereza. Lilianzia kwa mafundi wa visima, kama kifupi cha upasuaji wa mwamba kwa maji. Lilipofika mtaani likawa na kasoro mbili kwa kampuni na faida mbili kwa wapinzani: linasikika karibu sawa na tusi, na ni fupi, linaingia kwenye bango na kwenye kichwa cha habari bila kubanwa. Wasemaji wa kampuni walijitahidi kutumia jina refu la kitaalamu. Hakuna mhariri aliyewafuata.

Neno hilo lilikuja na picha yake, ya bomba la maji jikoni linalowashwa kiberiti likatoa moto, iliyoenea kutoka Marekani mwaka 2010. Picha ilikuwa ya kweli. Maelezo yake ndiyo yaliyokuwa magumu. Wasimamizi wa jimbo la Colorado walisema gesi ya bomba lile mahususi ilikuwa ya asili ya kina kifupi, haikutoka kwenye visima vya mwambatope. Wakati huohuo, wasimamizi wa Pennsylvania waliiwajibisha kampuni nyingine kwa gesi iliyopenya kwenye visima vya maji vya wakazi, na huko tatizo lilihusu ujenzi wa visima vya gesi vyenyewe, yaani mabomba na saruji, zaidi ya nyufa za kina kirefu. Tofauti kati ya kisima kibovu na mwamba uliopasuliwa ni kubwa kwa mhandisi. Kwa mama aliyesimama jikoni mbele ya bomba linalowaka haipo, na si haki kumlaumu.

Kilichotokea

Tarehe 1 Aprili 2011, karibu na kisima cha kwanza cha Lancashire kilichokuwa kikipasuliwa, mtetemo wa ukubwa wa 2.3 ulirekodiwa. Taasisi ya Jiolojia ya Uingereza iliongeza vituo vya muda ili iweze kupima kwa ukaribu zaidi. Kampuni iliendelea na hatua nyingine za upasuaji. Tarehe 27 Mei ulikuja mwingine, wa 1.5, na safari hii kazi ikasimamishwa. Hapo ndipo habari iliporuka kutoka kurasa za mkoa hadi za taifa.

Novemba mwaka huohuo, ripoti iliyoagizwa na kampuni yenyewe ilikiri kwamba yawezekana sana kazi yake ndiyo iliyosababisha mitetemo. Uchambuzi ulibaini kama mitetemo 50, mingi isiyohisika. Ripoti ilipendekeza kikomo cha kusimamisha kazi kiwe 1.7. Aprili 2012, wataalamu watatu walioombwa na serikali kuipitia ripoti hiyo walisema kikomo hicho ni kikubwa mno, wakapendekeza 0.5.

Kulikuwa na jambo la pembeni ambalo baadaye halikuwa la pembeni. Mtetemo wa kwanza ulikuwa umelipotosha umbo bomba la chuma katika sehemu ya chini ya kisima. Mei 2012 waziri aliyehusika na nishati aliiandikia kampuni kwamba kushindwa kwake kutambua uzito wa jambo hilo kumefichua udhaifu katika utendaji wake kama mwenye leseni. Barua ilipotoka hadharani baadaye, wapinzani hawakuhitaji kuongeza neno. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Juni 2012 ilitoka tathmini ya pamoja ya taasisi mbili kuu za sayansi na uhandisi za Uingereza. Ilisema hatari zinaweza kudhibitiwa ikiwa usimamizi utakuwa mkali na ujenzi wa visima ukakaguliwa. Vyombo vilivyounga mkono vilichukua nusu ya kwanza ya sentensi hiyo, vilivyopinga vikachukua sharti. Desemba 2012 serikali iliondoa zuio la kazi hii lililofuata mitetemo ya 2011, na kutangaza mfumo wa taa: kijani chini ya 0, njano kati ya 0 na 0.5, nyekundu kuanzia 0.5. Taa nyekundu ikiwaka wakati wa kusukuma maji, pampu huzimwa na kusubiriwa angalau saa 18.

Kiangazi cha 2013 kilikuwa cha kelele. Juni, Taasisi ya Jiolojia ilikadiria kwamba mwambatope wa Bowland, unaopita chini ya Lancashire na jirani zake, una gesi ya futi za ujazo trilioni 1,329. Hiyo ni gesi iliyomo mwambani, si gesi inayoweza kutolewa, na taasisi ilisema wazi kwamba haikadirii kiasi kinachoweza kutolewa. Vichwa vya habari vilivyozungumzia miongo ya gesi ya kutosha taifa vilipatikana kwa kuchukua sehemu ya kumi ya namba hiyo na kuigawa kwa matumizi ya mwaka. Sehemu hiyo ya kumi ilikuwa dhana, haikupimwa na mtu.

Mwezi uliofuata mjumbe wa Baraza la Mabwana aliyewahi kuwa waziri wa nishati alisema kazi hiyo ifanyike kaskazini-mashariki, kwenye maeneo makubwa aliyoyaita matupu na yasiyo na watu. Aliomba radhi, lakini sentensi ilikuwa imeshaondoka. Na kusini, katika kijiji kimoja cha Sussex, maelfu walikusanyika kuzuia kisima kilichokuwa kinatafuta mafuta na ambacho hakikupasuliwa mwamba. Magazeti yalikiita eneo la frakingi hata hivyo.

Januari 2014 serikali ilitangaza kwamba halmashauri zitabaki na kodi yote ya majengo ya biashara itokanayo na visima hivi, badala ya nusu, na kampuni zilikuwa zimeahidi jamii pauni 100,000 kwa kila eneo litakalopasuliwa mwamba pamoja na asilimia 1 ya mapato. Wapinzani waliita rushwa. Juni 2015 halmashauri ya Lancashire ilikataa ombi la kampuni la eneo jipya. Kampuni ikakata rufaa, na Oktoba 2016 waziri akaipa kibali juu ya kichwa cha halmashauri.

Upasuaji ulianza tarehe 15 Oktoba 2018, zaidi ya miaka saba tangu ule wa mwanzo usimame. Hadi katikati ya Desemba mitetemo 57 ilikuwa imerekodiwa, mkubwa ukiwa wa 1.5. Taa nyekundu iliwaka mara kadhaa. Kati ya hatua 41 zilizopangwa kwenye kisima hicho, 2 tu zilisukumwa kikamilifu. Februari 2019 kampuni iliomba kikomo kipitiwe upya, serikali ikasema haina nia ya kukibadili. Agosti kazi ilihamia kisima cha pili. Tarehe 21 ulirekodiwa mtetemo wa 1.6, tarehe 24 wa 2.1, na Jumatatu tarehe 26, siku ya mapumziko, saa mbili na nusu asubuhi, ukaja wa 2.9. Pampu zilikuwa zimezimwa kwa zaidi ya siku mbili.

Maamuzi na sababu zake

Kuendelea baada ya tarehe 1 Aprili 2011. Kampuni haikuwa na uthibitisho kwamba kazi yake ndiyo chanzo, na mitambo ya kukodi inakula fedha kila siku inaposimama. Kihandisi uamuzi unaeleweka. Kihabari ulikuwa wa gharama kubwa kuliko wowote uliofuata, kwa sababu mtetemo wa pili uligeuza tukio kuwa mfululizo. Tukio moja huandikwa na mwandishi wa mkoa. Mfululizo huletwa mezani kwa mhariri wa taifa.

Kuchagua 0.5 badala ya 1.7. Wataalamu hawakusema 0.5 inaleta madhara. Mantiki ilikuwa kwamba mtetemo mdogo hutangulia mkubwa, kwa hiyo ukitaka kusimama kabla ya kufika 2, lazima ukanyage breki mapema sana, hasa katika nchi ambayo data ya kazi hii ilikuwa ya kisima kimoja tu. Serikali iliikubali namba hiyo pia kwa sababu ya kisiasa: ilitaka kuuambia umma kwamba masharti yake ni makali. Kampuni ilikubali kwa sababu bila hivyo zuio lisingeondolewa. Kila upande ulisaini namba ileile kwa sababu yake, na hakuna aliyepewa jukumu la kuieleza mtaani.

Kutangaza kila mtetemo. Hili lilikuwa jema kwa nia. Takwimu za Taasisi ya Jiolojia zilikuwa wazi, na kampuni ikaweka zake. Lakini kilichotangazwa kilikuwa namba, saa na rangi ya taa. Maelezo ya maana yake yaliachiwa wasemaji, ambao walilinganisha mtetemo wa kawaida wa taa nyekundu na tikiti linalodondoka sakafuni. Ulinganisho ulikuwa na msingi wa kisayansi kwa mitetemo midogo. Ila mkazi aliyekuwa na wasiwasi kuhusu bomba la kisima lililo chini ya ardhi hakuuliza kuhusu sakafu yake. Alisikia anachekwa.

Kuomba kikomo kipandishwe, Februari 2019. Hoja ya kitaalamu ilikuwepo na baadhi ya wanajiolojia waliiunga mkono. Wakati ndio uliokosewa: mwombaji alikuwa ndiye aliyeshindwa kufanya kazi chini ya kikomo hicho miezi miwili nyuma.

Matokeo

Tarehe 2 Novemba 2019 serikali iliweka zuio, ikitegemea uchambuzi wa mamlaka ya mafuta na gesi kwamba kwa teknolojia iliyopo haiwezekani kutabiri kwa usahihi uwezekano au ukubwa wa mitetemo itokanayo na kazi hii. Uchaguzi mkuu ulikuwa umeshaitishwa, ufanyike Desemba. Wanaosema sababu ilikuwa sayansi na wanaosema ilikuwa kura wana ushahidi wa kutosha pande zote mbili.

Miezi michache kabla, utafiti mpya wa maabara kuhusu mwambatope huohuo ulikuwa umeshusha sana matarajio: gesi inayoweza kutolewa kwa faida ingetosha matumizi ya Uingereza kwa chini ya miaka 10. Habari hiyo ilipewa nafasi ndogo kuliko mtetemo wowote wa mwezi ule.

Katika ufuatiliaji wa maoni uliofanywa na serikali, Desemba 2013 waliounga mkono walikuwa asilimia 27 na waliopinga 21. Machi 2019 waliounga mkono walikuwa 12, waliopinga 40. Mara zote mbili karibu nusu hawakuwa upande wowote au hawakujua.

Septemba 2022, bei za gesi zikiwa juu kutokana na vita vya Ukraine, serikali mpya iliondoa zuio, ikisema kuvumilia kiwango kikubwa zaidi cha hatari na usumbufu kuna maslahi kwa taifa. Siku hiyohiyo ilichapishwa ripoti ya Taasisi ya Jiolojia iliyosema kutabiri mitetemo hii bado ni changamoto. Serikali hiyo ilianguka ndani ya wiki chache, na Oktoba zuio likarudi.

Uchambuzi

Breki iliyosomwa kama kipimo cha hatari

Kipimo cha mitetemo hakisomwi kama rula. Kila namba nzima ikipanda, mtikisiko hupanda mara 10 na nishati mara kama 32. Kwa hiyo kutoka 0.5 hadi 2.9 mtikisiko ni mara kama 250 na nishati mara kama 4,000. Msomaji asiyeelezwa hili anakosea pande zote mbili. Anaiona 0.5 kama robo ya 2, kitu kinachokaribia kuhisika, wakati iko mbali sana chini ya hapo. Na anaiona 2.9 kama kubwa kidogo tu kuliko 2.1, wakati ni mara sita na zaidi kwa mtikisiko.

Kosa hili lilimsaidia mpinzani mwaka 2018 na likamsaidia mtetezi mwaka 2019. Mwaka 2018 mitetemo ambayo hakuna aliyeihisi iliandikwa kwa lugha ya kikomo kuvunjwa, kana kwamba sheria imekiukwa. Ukweli ni kwamba taa nyekundu ikiwaka na pampu zikazimwa, sheria imefuatwa. Dereva anayesimama kwenye taa nyekundu hajavunja sheria ya barabarani. Mwaka uliofuata, mtetemo wa 2.9 ulipokuja, wasemaji walikuwa wameshatumia lugha yao yote ya kutuliza kwa vitu visivyohisika. Tikiti lilikuwa limeshadondoshwa; watu waliotikiswa vitandani hawakuwa na haja ya kulisikia tena.

Kuna utata mwingine ambao ulipita bila kuelezwa. Taa nyekundu ilihesabiwa tu kwa mtetemo unaotokea wakati wa kusukuma maji. Ule unaokuja baadaye uliitwa wa kufuatia, na haukuwa na rangi. Ndiyo maana hesabu ya kampuni ya mara ngapi kikomo kimefikiwa ilikuwa ndogo kuliko ya wanaharakati, na wote walikuwa sahihi kwa tafsiri zao. Kisha mkubwa kuliko yote ukaja katika kundi hilohilo lisilo na rangi. Mfumo wa taa ulikuwa umebuniwa kwa dhana kwamba ukizima pampu umezima tatizo. Hiyo ndiyo habari kubwa ya kisayansi ya Agosti 2019, na ndiyo iliyosababisha mamlaka kusema haiwezi kutabiri. Ilistahili aya ya pili ya kila ripoti.

Asilimia na ujazo

Kisima cha 2011 kilitumia maji kama mita za ujazo 8,400. Kemikali kuu ya kupunguza msuguano ilikuwa kama asilimia 0.04. Kampuni iliandika asilimia. Fanya hesabu, utapata mita za ujazo zaidi ya tatu, yaani zaidi ya lita 3,000 za kemikali zilizoshushwa ardhini. Namba mbili, ukweli mmoja, na kila namba inaacha hisia yake mdomoni. Mwandishi makini huweka zote mbili na kuongeza la tatu, ambalo ndilo hasa la kuuliza: kemikali hiyo ni ipi, na maji yanayorudi juu yanapelekwa wapi? Maji hayo hurudi yakiwa na chumvi nyingi na chembe za mionzi ya asili kutoka kwenye mwamba. Kimazingira ndiyo mzigo mzito kuliko kemikali iliyoshuka, na yalipata sehemu ndogo ya habari kwa sababu hayana picha.

Pande zote mbili zilijikwaa kwa namna ileile. Aprili 2013 mamlaka ya usimamizi wa matangazo iliamua kwamba baadhi ya madai katika kijitabu cha kampuni yalivuka ushahidi, likiwemo lile la kwamba upasuaji wa mwamba hauchafui maji ya ardhini. Januari 2017 shirika la mazingira lilikubali mbele ya mamlaka hiyohiyo kutorudia madai ya kipeperushi chake kuhusu saratani, maji na bei za nyumba. Maamuzi yote mawili yalikuja muda mrefu baada ya karatasi kugawiwa nyumba kwa nyumba. Anayetegemea rufaa ya namna hii kusafisha mjadala amechelewa kabla hajaanza.

Kura mbili, nchi moja

Mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Nottingham kilipata asilimia 58 ya watu wanaokubali gesi ya mwambatope itolewe, na serikali mwishoni mwa mwaka uleule ikapata asilimia 27 wanaounga mkono. Si kwamba mmoja alidanganya. Nottingham kilianza na swali la ujuzi: kilieleza nishati hiyo bila kuitaja, kikamtaka mhojiwa achague jina lake kwenye orodha. Aliyekosa hakuendelea. Kisha swali lilikuwa la ndiyo, hapana au sijui. Serikali ilimhoji kila mtu, na ikampa nafasi ya kukaa katikati. Karibu nusu walikaa hapo.

Mwandishi aliyenukuu 58 bila kueleza mchujo alitoa picha ya taifa lililokubali; aliyenukuu 27 bila kutaja nusu iliyokaa katikati alitoa picha ya taifa lililokataa. Namba za kura hizi hazilinganishwi zenyewe kwa zenyewe. Kinacholinganishwa ni mwelekeo ndani ya kila moja, na hapo zilikubaliana: Nottingham kiliona uungaji mkono ukishuka baada ya maandamano ya Sussex, na serikali iliona vivyo hivyo kwa miaka iliyofuata.

Sasa tazama tarehe. Anguko kutoka 27 hadi 12 lilikamilika Machi 2019, miezi mitano kabla ya mtetemo wa 2.9. Na sehemu kubwa yake ilitokea kati ya 2013 na katikati ya 2018, kipindi ambacho hakuna tone lililosukumwa kwenye mwambatope wa Uingereza. Kwa hiyo maelezo mepesi, kwamba mitetemo ndiyo iliyowageuza watu, hayasimami. Kilichojaza miaka ile ni vibali, rufaa, polisi, fedha za jamii na kauli kuhusu maeneo matupu. Watu walikuwa wanapima nani anaamua na nani anapata. Mtetemo ulipokuja, ulikuta hukumu imeshaandikwa, ukapiga muhuri.

Hapa tunatofautiana na wachambuzi wa upande wa kampuni, wanaosema umma ulikosa elimu ya sayansi. Elimu ingesaidia kwa 0.5. Isingesaidia kwa kibali kilichotolewa juu ya kichwa cha halmashauri.

Kilichofanya kazi

Upimaji ulifanywa na taasisi isiyo na hisa kwenye gesi, na data ikawa wazi. Katika ugomvi wote wa miaka kumi, namba za mitetemo zenyewe karibu hazikubishaniwa. Kilichobishaniwa ni maana yake. Hilo si dogo. Waandishi wa magazeti ya mkoa, wanaojua barabara na mashamba ya eneo lao, walitoa pia ripoti zenye vipimo sahihi kuliko wenzao wa taifa, waliokuja siku ya maandamano na kuondoka nayo.

Habari ya tarehe 26 Agosti ingeandikwaje

Kwa aya moja, kwa namba zilizokuwepo siku hiyo:

«Mtetemo wa ukubwa wa 2.9 umehisiwa na wakazi wa eneo la Lancashire leo saa mbili na nusu asubuhi, karibu na kisima cha gesi ya mwambatope. Ni mkubwa kuliko wote uliorekodiwa tangu kazi hiyo ianze Uingereza, na mtikisiko wake ni mara sita hivi ya ule wa Jumamosi. Pampu zilikuwa zimezimwa tangu kabla ya mtetemo huo wa Jumamosi. Kipimo kimetolewa na Taasisi ya Jiolojia, na mamlaka ya mafuta na gesi imesimamisha kazi kwa uchunguzi.»

Ina ukubwa, ulinganisho uliokokotolewa, hali ya pampu, kuhisika na aliyepima. Haina tikiti, haina neno kuvunjwa. Sentensi ya tatu ndiyo mhariri atakayoitupia jicho kwanza nafasi ikibana, kwa kuwa inaonekana kama ya kuitetea kampuni. Haiitetei. Inasema mwamba uliendelea kuteleza hata baada ya breki kukanyagwa, na kwa mkazi wa pale hakuna kitu kingine katika aya hiyo kinachomhusu zaidi.